Mzinga Wenye Utando wa Buibui Mlangoni

Ukipita kwenye manzuki ya mtu aliyeanza kufuga nyuki mwaka huu, utakuta mizinga imetundikwa vizuri, imepakwa rangi, ina namba ubavuni. Sogea karibu uangalie mlango. Kama buibui ametanda hapo na utando wake hauna tundu, basi kwa siku nyingi hakuna nyuki aliyeingia, hata wa kuja kuchungulia tu. Mwenye mizinga atakwambia siku hizi nyuki wamepungua. Mara nyingi nyuki wapo, tena wanapita juu ya mizinga hiyo hiyo. Nyumba waliyowekewa ndiyo haikuwapendeza.

Mfugaji mgeni huanza na swali la namna ya kuwakamata. Kichwani ana ovaroli, ngazi na ujasiri. Hayo yana siku yake, nasi tutayafikia. Lakini makundi mengi yaliyomo mizingani Tanzania hayakukamatwa na mtu, yaliingia yenyewe. Wazee wa Tabora na Katavi wanaotundika mizinga ya magogo na ya magome kwenye misitu ya miombo hawakimbizani na nyuki. Wanatundika kabla ya msimu, wanashuka, wanaenda kulima. Ukielewa kwa nini njia yao inafanya kazi, nusu ya makosa ya mwaka wa kwanza umeshayaepuka.

Kundi linalopita ni la nani

Kuna kundi lililogawanyika. Mzinga wa wazazi umejaa, maua yapo, na nyuki wamejenga vichumba vya malkia vinavyoning'inia kwenye kingo za masega, umbo lake kama ganda la karanga. Kichumba cha kwanza kikishafunikwa kwa nta, malkia mzee huondoka na sehemu kubwa ya nyuki, wote matumbo yamejaa asali ya safari. Siku chache baadaye yanaweza kufuata makundi madogo zaidi, kila moja na malkia ambaye bado hajapandwa. Kundi la malkia mzee ndilo la kuombea: akipata sega tu anaanza kutaga. Kundi dogo linaweza kukaa wiki mbili au tatu bila yai hata moja, kwa sababu malkia bado hajaruka kwenda kukutana na madume. Wageni wengi hulivunja kundi la namna hii wakidhani ni bovu.

Kuna kundi linalohama na msimu. Nyuki wa nyika, ambao wataalamu huwaita Apis mellifera scutellata, hawana mazoea ya kukaa na njaa wakisubiri mvua. Maua yakikauka, mzinga mzima unaweza kuondoka kufuata maua mahali pengine. Na kuna kundi lililokimbia: moto wa porini, siafu, nyegere, au mrina asali aliyekata masega yote bila kuacha kitu. Hili ni la kuogopa kidogo. Nyuki walioshiba hawana haraka ya kuuma, lakini waliofukuzwa kwao hawana akiba tumboni na hasira wanayo. Kundi likining'inia mtini kimya kama shungi, kwa kawaida limeshiba. Likiwa linachemka, nyuki wanarukaruka kukufuata ukiwa bado mita kumi, rudi nyuma.

Kuhama huku si jambo dogo kwa nyuki wetu. Mwaka 1956 mtaalamu wa jenetiki Warwick Kerr alipeleka Brazil malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka karibu na Rio Claro, jimbo la São Paulo. Mnamo Oktoba 1990 kundi la kwanza la uzao wao lililovuka kwa mabawa yake lilifika Marekani, huko Hidalgo, Texas. Miaka 33, bara zima, kwa kugawanyika na kuhama tu. Kwa hiyo usishangae nyuki wako wakiondoka wiki ya pili bila kuaga. Kuondoka ndiko wanakokujua zaidi.

Nyumba wanayoitaka

Kabla kundi halijaamua, nyuki wachache wakongwe hutoka kupeleleza. Anayepata pango zuri hurudi na kucheza ngoma juu ya kundi, akionyesha upande na umbali. Mtafiti wa nyuki Martin Lindauer aligundua hili Munich, Ujerumani, mwaka 1949, alipoona nyuki wanaocheza juu ya kundi wamechafuka kwa masizi na vumbi la matofali. Walikuwa wametoka kukagua mabomba ya moshi na magofu ya vita. Baadaye mtafiti mwingine, Thomas Seeley wa Marekani, alipima wanachochagua: pango la lita 40 hivi, mlango mdogo wa sentimita za mraba 10 hadi 15, ulio chini ya pango, na juu kutoka ardhini. Hao walikuwa nyuki wenye asili ya Ulaya. Nyuki wa kwetu ni wadogo, makundi yao ni madogo, na hukubali hata pango la lita 20. Arizona, wanaponasa uzao ule wa Brazil, hutumia vyungu vya karatasi ngumu vya lita 31.

Hesabu hizi zina maana kwako. Mzinga wa viunzi wenye urefu wa sentimita 90 hubeba zaidi ya lita 70. Mtupu, bila nta, ni ukumbi. Nyuki wakiingia watakaa kona moja, na joto la kulea watoto linawapotea. Ndiyo maana wanaojua kazi hawanasi kwa mzinga mkubwa. Wananasa kwa sanduku dogo, kisha wanahamisha.

Sanduku hilo ni rahisi. Lifanye litumie viunzi vile vile vya mzinga wako, yaani zile mbao nyembamba za juu ambazo nyuki hujengea masega. Kwa nyuki wetu kila kiunzi kina upana wa milimita 32. Fundi asikwambie 35 ni sawa tu: 35 ni ya nyuki wa Ulaya, na kwa wa kwetu masega yatahama kutoka kiunzi kimoja kwenda kingine hadi ushindwe kuinua chochote. Viunzi 10 vinakupa urefu wa sentimita 32. Kwa kina cha sentimita 30 na pande zilizoinama kama za mzinga mkubwa, unapata takriban lita 30. Mlango uwe mwanya wa milimita 8 kwenda juu na sentimita 15 kwa upana, chini kabisa. Hizo ni sentimita za mraba 12. Milimita 8 humtosha nyuki kupita na humzuia panya. Ukiacha milimita 15, panya atalala humo.

Mbao ziwe zimekauka na zimepoa harufu. Sanduku jipya liache nje kivulini wiki tatu au nne, lipate mvua na upepo. Rangi ni ya nje tu. Usipake dawa ya kuzuia mchwa, usipake dizeli, na usihifadhi mzinga kwenye stoo yenye dawa za mimea. Wewe hutasikia harufu hiyo, mpelelezi ataisikia. Nyufa zizibe kwa nta au kwa mchanganyiko wa samadi na majivu, maana nyuki wanataka giza. Simama ndani ya chumba chenye giza, inua sanduku kuelekea dirishani, chungulia mlangoni: ukiona mwanga mahali pengine popote, bado hujamaliza.

Nta, sega kuukuu na mchaichai

Chambo kikuu ni nta. Yeyusha vipande vya nta kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, wala usiiweke moja kwa moja kwenye moto. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na ikizidi sana inabadilika rangi, inapoteza harufu na inaweza kushika moto. Kwa brashi, chora mstari mwembamba katikati ya kila kiunzi, upande wa chini, kutoka mwanzo hadi karibu na mwisho. Mstari huo una kazi mbili: unatoa harufu, na unawaonyesha nyuki pa kuanzia kujenga. Bila mstari watajenga wanavyotaka, kwa kawaida kukata viunzi vitatu vinne kwa mshazari. Nta inayobaki paka kuta za ndani na kingo za mlango.

Kosa lililozoeleka ni kununua mishumaa ya dukani ukaiyeyusha. Ile ni nta ya parafini inayotokana na mafuta ya petroli, haina harufu ya nyuki hata kidogo. Nta halisi ukiisugua kwa kidole inanata kidogo na kunukia asali. Ya mshumaa inateleza.

Kinachofuata kwa nguvu ni sega kuukuu, lile jeusi lililowahi kulea majana, yaani watoto wa nyuki. Kipande cha ukubwa wa kiganja kilichofungwa kwenye kiunzi cha nyuma kinatosha. Kiwe kikavu kabisa: hakuna asali, hakuna chavua, hakuna majana yaliyokufa. Asali huvuta sisimizi na nyuki wezi, na wezi wakija, wapelelezi hawapendi fujo. Sega kuukuu nalo lina mgogoro wake, kwa sababu mdudu aitwaye nondo wa nta analipenda kuliko wewe unavyolipenda. Ndani ya wiki chache katika joto utakuta utando mweupe na funza wanaotoboa vijia. Likaguliwe kila baada ya wiki mbili, na likianza kutandwa litolewe, lichomwe. Usichukue sega kutoka kwenye mzinga usioujua historia yake.

Halafu mchaichai. Nyuki anapowaita wenzake huinua ncha ya tumbo na kutoa harufu yenye sitrali na geranioli, na mafuta ya mchaichai yana sitrali kwa wingi. Kama una mafuta, matone mawili au matatu kwenye pamba, pamba ndani ya mfuko mdogo wa plastiki uliotobolewa kwa sindano, mfuko kwenye kona ya nyuma. Rudia kila wiki mbili au tatu. Kama huna, ponda majani mabichi usugue kuta na mlango, ila hiyo harufu huisha ndani ya siku mbili tatu na itabidi urudie. Usimwage chupa nzima. Harufu ikizidi inawafukuza.

Mahali na wakati

Kalenda ya simu haikusaidii sana. Soma miti. Katika ukanda wa miombo, miti iitwayo mitundu huchanua kabla ya mvua, na miti mingine hufuata baada ya mvua kuisha. Mavuno makubwa ya Tabora huwa katikati ya mwaka, na madogo kuelekea mwisho wa mwaka. Kwenye maeneo yenye mvua za vuli na masika mambo ni mengine tena. Kanuni ni moja: sanduku liwe mtini majuma manne hadi sita kabla maua hayajashamiri, kwa sababu makundi hugawanyika chakula kinapoanza kuongezeka, na wapelelezi huwa wanazunguka mapema zaidi. Ukitundika siku ile unayoona mti mzima umechanua, umechelewa nusu ya msimu.

Tundika mita 2 hadi 4 kutoka ardhini. Juu zaidi ya hapo ni vizuri kwa nyuki, lakini utalishusha wewe, usiku, likiwa limejaa. Kivuli kiwepo saa sita hadi saa kumi, maana chini ya bati lisilo na nyasi juu yake nta mpya inalainika na kuanguka. Mlango utazame mahali wazi, si kwenye matawi, na upepo mkali usiupige moja kwa moja. Maji yawepo umbali usiozidi kilomita moja. Ukingo wa msitu na kandokando ya mto wa msimu ni mahali pazuri, kwa sababu makundi hufuata mistari hiyo.

Usipange masanduku kumi mstari mmoja kama viti vya harusi. Matano yaliyotawanywa mita 200 au 300 kila moja yatakupa zaidi. Na kaa mbali na makazi, shule, njia ya mifugo: mita 300 si nyingi kwa nyuki wetu. Mbwa aliyefungwa au punda aliyefungwa hawezi kukimbia. Kama ni ndani ya hifadhi ya msitu ya serikali kuu, kibali kinatoka TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kwingine anza na afisa nyuki wa wilaya. Ufugaji una sheria yake, Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002.

Tundika kwa waya, usitundike kwa kamba. Waya wa kufungia nondo za ujenzi uliokunjwa mara mbili, pande mbili, sanduku likae sawa kushoto na kulia. Hili la kukaa sawa watu hulipuuza. Nyuki hujenga sega kwa kufuata uzito wa dunia, linashuka wima hata kama sanduku limelala upande, na ukilinyoosha baadaye masega yote yatagusa kuta. Kila waya paka grisi sehemu ya sentimita 10 katikati, au zungushia kitambaa kilicholowa oili chafu. Siafu hawavuki. Baada ya mvua au vumbi jingi rudia, kwa sababu grisi iliyojaa vumbi ni daraja. Waya huo huo, ukiwa mrefu na umbali wa kutosha kutoka kwenye shina, ndio unaomshinda nyegere.

Kusoma mlango

Hapa ndipo kazi inaponoga. Nenda kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri, simama mita tano ubavuni, tazama dakika kumi. Mpelelezi haingii kama mwenye nyumba. Anaruka mbele ya mlango akiyumba kushoto na kulia, anatua, anatembea ukutani, anaingia, anatoka, anazunguka sanduku zima kama dalali anayekagua kiwanja, anaingia tena. Miguuni hana chavua. Jioni anaondoka. Nyuki mwizi ana tabia nyingine: anaingia moja kwa moja, anatoka haraka, na kama kuna wengine wanagombana mlangoni.

Wapelelezi wawili watatu kwa siku hawamaanishi mengi. Sanduku lako liko tu kwenye orodha. Hesabu siku inayofuata. Wakiongezeka hadi 20 au 30 kwa pamoja, uamuzi umekaribia sana, kwa sababu ndicho kiwango ambacho wapelelezi hukitumia kujua kwamba pamekubaliwa. Siku hiyo usiguse kitu. Usipande kubadilisha pamba, usivute moshi karibu, usiite jirani aje aone. Kundi linaweza kufika baada ya saa chache likiwa wingu lenye mlio mkubwa, na ndani ya nusu saa nyuki wengi wako ndani.

Siku chache baadaye utaona nyuki wanaingia na vidonge vya chavua miguuni, njano au rangi ya machungwa. Hapo kuna majana au yanakuja. Wamekaa.

Kundi lililotua tawini

Sasa ile siku ya ovaroli. Simu imepigwa: nyuki wametua kwenye mwembe wa jirani. Kwanza hakikisha ni kundi na si makazi. Nyuki wetu hujenga hata nje, chini ya tawi au pembeni mwa mwamba. Ukiona kingo za masega meupe au ya njano kati ya nyuki, hao wana watoto na akiba, watapigana. Hiyo si kazi ya mgeni.

Subiri jioni, kama saa kumi na moja na nusu. Wapelelezi wamerudi, jua limepungua, watoto wa jirani wako ndani ya nyumba. Usingoje giza kamili: gizani nyuki hawaruki, wanatambaa, na watatambaa hadi kwenye soksi. Andaa sanduku lako la viunzi 10, shuka jeupe, bomba la kupulizia maji, brashi laini au unyoya wa bata, msumeno, kamba, na bomba la moshi lililokwisha kuwaka vizuri kwa magunzi au samadi kavu. Moshi uwe mweupe na wa baridi. Ukiupuliza kwenye kiganja na ukakuunguza, ongeza majani mabichi kidogo juu.

Tandaza shuka chini ya kundi. Toa viunzi sita vya katikati ya sanduku. Pulizia maji kama umande, mara mbili tatu. Yakichuruzika umeharibu, nyuki waliolowa hufa kwa baridi usiku. Sogeza sanduku hadi karibu liguse ncha ya kundi, kisha kung'uta tawi mara moja kwa nguvu. Mara moja, kwa ghafla. Ukilitikisa taratibu mara nyingi, utawaudhi tu na watashikilia zaidi. Rudisha viunzi polepole vikae vyenyewe juu ya nyuki, usivisukume. Weka sanduku kwenye shuka, mlango wazi, ukingo mmoja umeinuliwa kwa kijiti.

Kundi likiwa kwenye shina au ukutani, kung'uta hakuwezekani. Funga sanduku juu yao, uwazi ukigusa nyuki wa juu, upulize moshi mdogo kutoka chini. Nyuki hupanda kuelekea gizani. Itachukua nusu saa au zaidi, na ndiyo sababu unahitaji kamba na subira kuliko brashi.

Kama malkia amo ndani utajua bila kumwona. Mlangoni nyuki watasimama wakitazama ndani, matako juu, mabawa yakipepea kwa kasi, na wale wa kwenye shuka wataanza kuandamana kuingia kama watu wanaoingia ukumbini. Kama malkia amebaki tawini, ndani ya dakika 10 hadi 20 utaona mwendo kinyume: wanatoka, wanarudi juu. Usipige kelele, rudia. Mara ya pili mkung'uto upate sehemu ile ambako wamejikusanya zaidi.

Ukichomwa, kwangua mwiba upesi kwa ukucha, upulize moshi pale pale. Harufu ya hatari wanayoitoa inafanana na ya ndizi mbivu na huwaita wengine. Wakikushambulia kwa wingi, ondoka moja kwa moja hadi kwenye nyumba au gari, na usiruke mtoni. Midomo ikivimba, upele ukienea mwilini au pumzi ikibana, hiyo ni hospitali sasa hivi, wala si kesho asubuhi.

Kuwafanya wakae

Kukamata ni jioni moja. Kubakisha ni mwezi mzima, na hapo ndipo wengi hushindwa.

Kama unahamisha kundi, lihamishe usiku ule ule. Likishalala siku kadhaa, nyuki wanakuwa wameshika ramani ya mahali, na utalazimika kulipeleka zaidi ya kilomita 3, vinginevyo wakusanyaji watarudi kwenye tawi la zamani. Mlango ufunge kwa wavu wa waya. Usiuzibe kwa udongo au kwa matambara, kwa sababu kundi lililofungiwa bila hewa hujipasha joto, nta inayeyuka, na asubuhi unafungua uji. Kwenye bodaboda au baiskeli, viunzi vilale kuelekea mwendo, ili ukifunga breki masega yasipige bembea. Kundi lililoingia mtegoni na kukaa wiki moja lina masega laini kama biskuti iliyolowa. Hilo liache mwezi, lipate majana, ndipo uliguse.

Dawa kubwa ya kundi jipya ni sega moja la majana mabichi, lenye mayai na watoto weupe, kutoka kwenye mzinga wako mwingine. Kung'uta nyuki wake kwanza, uliweke katikati. Kundi hutoroka mzinga kwa urahisi, lakini huona shida kuacha watoto. Na kama malkia alipotea njiani, kutoka kwenye mayai hayo watalea mwingine. Kwa mwenye mzinga mmoja tu, njia hii haipo, ndiyo maana kundi la kwanza huwa gumu kuliko la tatu.

Wengine huweka kizuizi cha malkia mlangoni, yaani wavu unaopitisha nyuki wa kazi lakini si malkia. Kinafanya kazi siku tatu hadi tano, lakini kina mitego miwili: malkia wetu mwembamba anaweza kupenya, na kama ni malkia ambaye hajapandwa, umemfungia asiende kupandwa. Madume nayo yatakwama na kufa hapo mlangoni. Siku ya tano kitoe.

Kulisha ni kwa kipindi kisicho na maua tu. Subiri siku mbili wamalize asali waliyokuja nayo, kisha kilo moja ya sukari kwa lita moja ya maji ya moto, iliyopoa, nusu lita kila jioni ya pili kwa wiki moja. Weka ndani kabisa, nyuma ya ubao wa kizuizi, yaani ule unaotenga nafasi ya nyuki na nafasi tupu, na vijiti vikielea juu ili nyuki wasizame. Tone likidondoka nje lifute, siafu wana pua ndefu.

Siku ya kumi, jioni, inua kwanza kiunzi cha mwisho, kisicho na sega, uchungulie. Unatafuta mambo mawili. Sega limenyooka chini ya kiunzi? Kama limepinda likiwa na urefu wa kidole, lisukume kwa taratibu sasa hivi, maana wiki ijayo litahitaji kisu. Na mayai: inua taratibu kiunzi chenye sega, simama jua likiwa nyuma ya bega lako, tazama ndani kabisa ya vitundu, utaona kijiti cheupe kama punje ndogo ya mchele, kimoja kila kitundu. Kundi kubwa lisilo na yai siku ya kumi linatia wasiwasi. Dogo lipe hadi wiki ya tatu. Ukikuta mayai mengi kwenye kitundu kimoja, yamebandikwa ukutani, na majana yaliyofunikwa yametuna kama risasi, ni nyuki wa kazi wanaotaga, malkia hayupo.

Asali ya kundi hili usiihesabu msimu wa kwanza. Waachie.

Masega yakijaa viunzi nane, weka mzinga mkubwa pale pale sanduku lilipokuwa, mlango ukitazama upande ule ule, uhamishe kiunzi kimoja kimoja kwa mpangilio wake, halafu ubao wa kizuizi nyuma ya cha kumi. Nyuki waliobaki kwenye sanduku wakung'ute mbele ya mlango mpya. Sanduku lenyewe usilioshe. Kwangua vijisega vilivyobaki kwenye kuta, acha gundi ya nyuki na madoa yote, lipe mstari mpya wa nta kwenye viunzi kumi vipya na ulirudishe mtini wiki hiyo hiyo, mbali kidogo. Sanduku lililowahi kukaliwa hujaa mapema kuliko jipya, na msimu bado haujaisha.